Foleni mbili mlangoni: watoto wetu wa awali wanafundishwa kazi za kike na za kiume kabla ya herufi (Kigoma)

#1 Mwalimu wa Awali KGM (mleta uzi)

Mwakeye wakuu. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Kigoma, mwaka wa kumi na moja sasa. Shule siitaji, na mtoto nitakayemsimulia simtaji pia, maana ni mtoto wa watu na mji wetu tunajuana. Darasa langu liko karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka, harufu ya dagaa inaingia dirishani na hakuna anayeshtuka. Watoto wengi baba zao ni wavuvi, na mama zao wako Kibirizi, wanaanika au wanauza.

Walimu wenzangu wanajua kwamba darasa la awali lina kona za ujifunzaji, sehemu za watoto kujifunza kwa kucheza. Mimi kona ya nyumbani nimeiweka pale penye mkeka. Wiki ya tatu ya muhula watoto wanne walikuwa pale wanacheza baba na mama. Mmoja wa kiume ndiye baba. Akachukua kopo la maziwa ya unga, hiyo ndiyo taa, akaenda kujikunyata chini ya dawati la nyuma kabisa. Nikamuuliza, uko wapi? Akaninong'oneza: "Niko ziwani, mwalimu, usipige kelele, dagaa watakimbia." Huku nyuma wasichana wawili wametandika kanga, wamemwaga vizibo vya soda juu yake, wanavigeuza kwa ncha za vidole, na mkono wa pili unafukuza kunguru ambao hawapo. Nilisimama nikawatazama kwa furaha. Hawakuacha kitu. Hata lile jicho la pembeni la kuangalia kama mvua inakuja walikuwa nalo.

Mtoto wa nne, naye wa kiume, akachuchumaa kwenye pindo la kanga akaanza kugeuza vizibo. Aligeuza vizuri kuliko wote. Anavikusanya kwa kiganja, anavitandaza upya visilaliane, anainama anapuliza mchanga. Msichana mmoja akamshika mkono: "Acha, wewe mwanaume." Baba naye akatoka ziwani mbio: "Huyo mwanamke! Huyo mwanamke!" Darasa zima likadaka. Yule mtoto aliacha vizibo, akaenda kukaa ukutani na mikono yake ameificha makwapani.

Mama yake alipokuja kumchukua nikamweleza. Akaniambia: "Mwalimu, huyu anajua kuanika kwa sababu baba yake anaanika. Mbalamwezi ikitoka hawaingii ziwani, basi anashuka kunisaidia, na mtoto hambanduki."

Wakuu, usiku ule sikulala vizuri. Mtoto yule nyumbani kwao amejifunza kwamba mikono ya baba inaanika dagaa. Amekuja kwangu, na ndani ya wiki tatu amefundishwa kwamba haifai. Ni wenzake waliomfundisha, sawa. Na wao wamefundishwa na nani?

Kesho yake nililitazama darasa langu kama mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza. Asubuhi tunaingia kwa foleni mbili, wavulana kulia, wasichana kushoto. Foleni hizo nilizipanga mimi, siku ya kwanza ya shule, kabla hata sijajua majina yao. Salamu: "Wavulana hamjambo? Wasichana hamjambo?" Wimbo: tunashindanisha wavulana na wasichana nani atapaza sauti. Mafagio nawapa wasichana. Kengele anagonga mvulana. Monita ni mvulana, msaidizi wake ni msichana. Dawati likitaka kusogezwa nasema "nipatieni wanaume wawili wenye nguvu". Uji ukifika nasema "mabinti, njooni mgawe vikombe". Mtoto akianguka akalia, wa kike nampakata, wa kiume nampangusa magoti na kumwambia mwanaume halii.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichotumwa. Mtaala ulioboreshwa tulioanza kuutumia Januari 2024 ninao mezani, na hakuna mstari unaosema mvulana ndiye agonge kengele. Vyote ni vyangu. Nilivikuta nilipokuwa mtoto, nikavibeba.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Lugha yetu haina ubaguzi huo. Kiswahili hakina neno moja la yeye wa kiume na jingine la yeye wa kike. Ukisema "amekuja", amekuja nani, hatujui mpaka tumwone. Kiha ni hivyo hivyo. Mwalimu, daktari, mkulima, mvuvi, nahodha, maneno yote hayo hayamfungii mtu mlango. Kwa hiyo siku moja nikawajaribu. Nikawasimulia: "Daktari alifika kijijini. Alikuwa amechoka. Akakaa chini ya mwembe, akanywa maji, akaanza kuwatibu watoto." Basi, sikuongeza kitu. Nikawagawia karatasi wamchore daktari. Karibu wote walimchora mwanaume, wasichana wakiwemo. Suruali, na ndevu juu. Sasa hawa ni watoto ambao kwenye zahanati yetu, wakiugua homa, anayewapima ni mwanamke, na wanamjua kwa sura.

Nimeleta uzi huu ili tuzungumze. Nyumbani kwenu na shuleni kwenu mnaona nini?

#2 Baba wa Gungu

Mwalimu, heshima yako. Nimesoma yote.

Ila nitasema ukweli wangu. Mimi nina mabinti wawili na mvulana mmoja. Binti yangu kushika fagio akiwa na miaka mitano sioni kosa, ndivyo mama yangu alivyolelewa na ndivyo alivyotulea sisi tukasoma. Haya mambo mara nyingi yanakuja na miradi, mradi ukiisha watu wanaondoka, sisi tunabaki na watoto wasiojua hata kuosha kikombe. Mwanaume ana nafasi yake, mwanamke ana nafasi yake. Mtoto akichanganyiwa tangu awali atakuja kusimama wapi?

#3 Mwalimu wa Awali KGM (mleta uzi)

Asante kaka, na nimefurahi umesema wazi.

Kwanza hakuna mradi hapa. Ni mimi na darasa langu.

Pili, fagio sijamnyang'anya binti yako. Na wa kiume nimempa fagio. Hofu yako ni watoto wasiojua kuosha kikombe. Mimi naona tayari tunao, ni wale wavulana tunaowaambia tangu wana miaka mitano kwamba kikombe si chao. Kijana wa Gungu akipata kazi Dar au Mwanza anaenda kupanga chumba peke yake. Atakula nini?

Lakini swali lako la mwisho ni zito, la mtoto kuchanganyikiwa, na nataka nilijibu kwa utaratibu kwa sababu nilikuwa nalo mwenyewe.

Mtoto wa miaka mitatu tayari anajua kwamba yeye ni wa kike au wa kiume. Asichokijua bado ni kwamba hali hiyo haigeuki. Mmarekani mmoja, Lawrence Kohlberg, aliliandika jambo hili mwaka 1966, na waliomfuata wamelipima mara nyingi: mtoto mdogo anaweza kuamini kwamba mvulana akivaa gauni amekuwa msichana. Uhakika kwamba haiwi hivyo unakuja taratibu, kwa wengi kwenye miaka 6 au 7. Sasa fikiria mtoto wa awali, miaka 5. Anajua yeye ni mwanaume, ila hana hakika kama ataendelea kuwa mwanaume. Kitakachomhakikishia ni alama: nguo, nywele, kazi, mahali pa kukaa. Kwa hiyo anazishika alama kwa nguvu zote na anawashikisha wenzake.

Ndiyo maana tafiti zinaonyesha ukali huu unapanda hadi kilele kwenye miaka 5 na 6, halafu unalegea. Miaka hiyo ndiyo ya awali na darasa la kwanza.

Nilipolielewa hilo nilirudi kwenye lile tukio la vizibo nikaliona upya. Yule mtoto aliyetoka chini ya dawati akisema "huyo mwanamke" hakuwa anamtukana mwenzake. Alikuwa anamuonya. Kwa akili yake ya miaka mitano, ukigeuza dagaa unaweza kugeuka kweli.

Kwa hiyo kaka, mtoto wa umri huu amechanganyikiwa tayari, na anatutazama sisi tumwambie ni alama zipi za kweli. Mimi nikimpangia foleni mbili, nikampa huyu fagio na yule kengele, nimemjibu. Nimemwambia: alama ni fagio.

#4 Mwalimu Kasulu Vijijini

Nakazia. Ila naomba mleta uzi utufikirie na sisi.

Darasa langu la awali lina watoto 94 na mwalimu ni mimi peke yangu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamejaa, na tunashukuru kwamba wanakuja. Kona za ujifunzaji kwangu ni kuta nne. Nusu ya watoto wanaingia Januari hawajui Kiswahili, wanaongea Kiha tu. Nilipoanza nilikuwa mwalimu msaidizi wa jamii kwenye ile Programu ya Utayari (ya kuwaandaa watoto kuanza shule) ya mradi wa EQUIP-T, tukiwafundisha kwa hadithi mpaka ulimi ufunguke, na bado nafanya hivyo.

Sasa mwalimu, watoto 94 unawaingizaje darasani bila kuwagawa? Wavulana huku, wasichana kule, ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Hata mtoto asiyejua Kiswahili anaielewa siku ya kwanza. Nisipofanya hivyo wanakanyagana mlangoni. Sibagui mtu. Nagawa tu.

#5 Mwalimu wa Awali KGM (mleta uzi)

Mwalimu mwenzangu wa Kasulu, umegusa penyewe. "Nagawa tu." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Lacey Hilliard na Lynn Liben, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwa muda wa wiki mbili walimu wa kundi moja waliombwa watumie uvulana na usichana kila wanapopata nafasi: foleni kwa jinsia, salamu kwa jinsia, kazi zao kubandikwa ukutani kwa jinsia. Hawakuruhusiwa kushindanisha wala kusema upande upi ni bora. Kugawa tu, kama wewe na mimi. Kundi la pili waliendelea bila hayo. Wiki mbili zilipokwisha, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wanashikilia zaidi kwamba hii ni kazi ya wanaume na ile ya wanawake, na walikuwa wanacheza kwa nadra zaidi na wenzao wa upande wa pili.

Sisi tunagawa mwaka mzima.

Kuna jingine la Rebecca Bigler na wenzake, la 1997. Watoto wa shule walivalishwa fulana za rangi mbili, bluu na njano. Darasa ambalo mwalimu alizipuuza rangi, hapakutokea kitu. Darasa ambalo mwalimu aliwapanga na kuwaita kwa rangi, watoto walianza kuwaona wa rangi yao kuwa bora. Yaani mtoto anakuwa anajiuliza: mwalimu kila siku anatupanga kwa kitu hiki, bila shaka kina maana kubwa. Halafu maana yenyewe anaijaza yeye, kwa anachokiona barabarani na nyumbani na kwenye vitabu.

Kuhusu mlango na watoto 94. Mimi nina wachache kuliko wewe, lakini jaribu hii. Nimewapa watoto majina ya samaki wetu: dagaa, migebuka, kuhe, sangara. Makundi manne, kila kundi lina mchanganyiko, na kila mtoto ana kadi ya boksi niliyomchorea samaki, imefungwa kwa uzi shingoni. Asiyejua Kiswahili anajua mgebuka, aliyekaa wiki mbili anajua foleni yake. "Kuhe waingie." Wanaingia. "Migebuka watafagia leo, sangara watagawa uji, dagaa watamwagilia bustani." Kila wiki zamu zinazunguka. Kuna ambao hawana foleni yao kichwani kwa siku tatu nne, wanalia kidogo, basi. Kukanyagana hakujaongezeka, na foleni nne ni fupi kuliko mbili.

Na ningependa uone kengele. Siku ya kwanza ilipofika zamu ya msichana aliibeba kwa mikono miwili mpaka nje, akanitazama, akasema, "Nigonge kweli?" Nikamwambia gonga. Akagonga mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kudhani kuna hatari.

Jambo jingine nililolifanya, na hili ndilo lililonitoa machozi. Asubuhi moja niliwasha kinasa sauti cha simu nikaiweka mfukoni mwa gauni, nikafundisha hadi saa ya uji. Usiku nikajisikiliza na kalamu mkononi. Neno "una akili" au "hodari" nililisema mara saba kwa wavulana na mara mbili kwa wasichana. Wasichana niliwaambia nini? "Umekaa vizuri." "Mwandiko msafi." "Mtoto mtulivu." Mvulana akikosea hesabu nilimwambia fikiri tena. Msichana akikosea nilimsaidia kuandika jibu. Nilidhani ni upole.

Ushahidi wa hili nao upo. Mwaka 2017 Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Waliwasimulia watoto habari za mtu mwenye akili nyingi sana bila kusema ni wa kike au wa kiume, halafu wakawaonyesha picha za watu wachague ni nani. Watoto wa miaka 5, wasichana waliwachagua wanawake sawa na wavulana walivyowachagua wanaume. Kwa watoto wa miaka 6, wasichana walishaanza kuacha kuwachagua wa upande wao. Na wasichana wa miaka 6 na 7 walipungua hamu ya mchezo walioambiwa ni wa watoto wenye akili sana. Ajabu ni kwamba hao hao wasichana walikubali kwamba wasichana wanapata alama nzuri darasani. Alama nzuri wanazo. Akili wanaona ni ya wengine.

Najua ni watoto wa Marekani na huku ni Kigoma. Lakini kati ya miaka 5 na 6 kwetu sisi kuna kitu kimoja: mwaka wa awali. Ndio mwaka niliopewa mimi.

#6 Mama wa Katonga

Mwalimu Mungu akubariki. Nimesoma nikaacha moto unazimika.

Binti yangu yuko darasa la kwanza. Kila meli ya Liemba ikitajwa alikuwa anasema yeye atakuwa nahodha. Mwezi uliopita nikamuuliza kwa utani tu, nahodha hujambo? Akaniambia, "Mama, mimi siwezi kuwa nahodha, nitakuwa yule wa kupika melini." Nikamuuliza nani kakuambia. Hakuambiwa na mtu. "Najua tu." Hilo "najua tu" ndilo limenikaa kifuani.

Nikamsimulia habari za Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kwa kuwa sokwe wa Gombe kila mtoto wa huku anawajua. Kwamba mwaka 1960 alipotaka kuja kukaa msituni, serikali ya kikoloni ilikataa msichana kukaa kule bila mwenzake, ikabidi aje na mama yake mzazi. Binti akaniuliza, "Kwa hiyo mama yake alimsindikiza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi na wewe utanisindikiza melini." Nimeshakubali, sina namna.

Na jambo la akina baba nalithibitisha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mume wangu alikuwa nyumbani miezi mitatu. Mwanzo alikuwa anakaa barazani na hasira zake. Baadaye akaanza kumpeleka mtoto shule, kumwogesha, kumsuka hajui ila kumchana nywele anajua. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, akaanza kuogesha sufuria kama baba anavyomwogesha dada. Ziwa lilipofunguliwa baba akarudi kazini, na yule mdogo akaingia awali. Sasa hivi ukimwambia shika sufuria anasema ni ya dada. Sikujua yametokea wapi mpaka nilipousoma uzi huu.

#7 Mjukuu wa Ujiji

Assalaam alaykum.

Nimesoma kwa makini, nami nina la kusema maana wengi wetu Ujiji watoto asubuhi wako shule na jioni wako chuoni (madrasa) kwa ustadhi. Kule wavulana wanakaa upande wao na wasichana upande wao. Mwalimu, hiyo ni adabu ya dini na sidhani umeikusudia.

Lakini nataka kuongeza kitu kwa Baba wa Gungu. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akitutuma wote, wa kiume na wa kike, kuteka maji, kufagia na kuosha vyombo. Mjomba akija akilalamika, bibi alikuwa anamjibu kwa hadithi iliyo katika Bukhari. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani, na ukifika wakati wa swala anatoka kwenda kuswali. Mjomba alikuwa ananyamaza, siku nyingine anachukua ndoo mwenyewe.

Huwa nawaza kwa nini hadithi hii hatuwasimulii wavulana wadogo wakati tunawasimulia za vita.

#8 Mwalimu wa Awali KGM (mleta uzi)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umenielewa sawasawa, la chuoni sikulikusudia. Kule mtoto anajua kwa nini amekaa alipokaa, ameelezwa. Na ustadhi hasemi aya hizi ni za wavulana, wote wanahifadhi sura zile zile na msichana akisoma vizuri anasifiwa kwa kusoma vizuri. Mimi nilikuwa nawagawa bila kujua kwa nini, hiyo ndiyo shida yangu.

Mama wa Katonga, huyo mdogo aliyeacha sufuria mwambie mwalimu wake. Kwa upole, usimshitaki. Sisi walimu wengi hatusikii tunachosema mpaka mtu atuambie. Mimi nisingesikia bila ile simu.

#9 Baba wa Gungu

Nimerudi.

Sitasema nimebadilika. Ila jana jioni nilifanya kama mwalimu alivyofanya. Niliwaita wanangu wote watatu, nikawasimulia: "Fundi alikuja nyumbani, akarekebisha taa, akalipwa, akaondoka." Nikawauliza fundi alikuwa mtu gani. Wote wakasema mwanaume, hakuna aliyefikiria mara mbili. Nikabadilisha: "Mtu fulani alikosea, akalia, akaomba msamaha." Wakasema mwanamke. Wakubwa wakacheka, mdogo, mvulana, hakucheka. Ana miaka sita. Akaniuliza: "Baba, kwa hiyo mimi nikikosea naomba vipi msamaha?"

Sikuwa na jibu wakuu. Nimelileta hapa.

#10 Mwalimu Kasulu Vijijini

Baba wa Gungu, mpakate huyo mtoto, umwombe yeye msamaha kwa lolote ulilowahi kumkosea. Ataona unavyofanya.

Mleta uzi, nimeanza makundi Jumatatu. Samaki huku kwetu hawawasisimui, nimetumia mazao: mihogo, maharage, mahindi, ndizi. Kadi nimetengeneza 94, vidole vimeniuma. Siku mbili za kwanza ilikuwa fujo, na wazazi wawili walikuja kuuliza kwa nini mvulana wao amefagia. Mmoja nilimweleza akaridhika. Mwingine hajaridhika, amesema atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Nimemwambia twende wote.

Swali: wavulana wangu wanafagia, sawa, lakini wanafagia huku wanachekana. Wewe uliwatoaje huko?

#11 Mwalimu wa Awali KGM (mleta uzi)

Sikuwatoa kwa maneno, mwalimu. Nilijaribu maneno, nikawaambia kila kazi ni ya kila mtu, wakaitikia "ndiyoo mwalimu" na kuendelea kuchekana. Mtoto wa miaka mitano anaamini anachokiona.

Kwa hiyo nilimtafuta baba wa yule mtoto wa vizibo. Nilisubiri mbalamwezi, maana siku nyingine mchana anakuwa amelala. Nikamkuta ufukweni anashona nyavu na wenzake. Nikamuuliza, naomba uje darasani kwangu ufanye kazi hii hii mbele ya watoto. Akacheka, akasema mwalimu mimi sijasoma, nitawafundisha nini watoto wako. Mkewe akamjibu kabla yangu.

Alikuja Jumanne na kipande cha wavu uliotoboka, mfuko wa dagaa wabichi, na sindano mbili za nyavu. Kwanza aliwauliza: "Kushona ni kazi ya nani?" Wakasema kwa sauti moja: "Ya mamaaa!" Akakaa kwenye mkeka, akauvuta wavu, akaanza kushona. Wakasogea. Vidole vya mtu yule ni vinene na vina makovu ya kamba, lakini vinapita kwenye matundu madogo kama vya mtu anayesuka nywele. Hakusema lolote kwa muda mrefu. Mtoto mmoja akamwambia, "Baba, unashona." Akajibu, "Nisiposhona mtakula nini?"

Baadaye tukatoka nje na kanga mbili, akamwaga dagaa, akaonyesha jinsi ya kutandaza. Mwanawe alikuwa wa kwanza kuchuchumaa karibu naye. Alikuwa anamtazama baba, halafu anawatazama wenzake, halafu anageuza dagaa mmoja. Yule aliyewahi kumwita mwanamke alisimama pembeni na kopo lake la maziwa mkononi. Akauliza kama mtu wa ziwani anaruhusiwa kuanika akishafika nchi kavu. Baba akamwambia aliweke lile kopo, asije akakanyaga dagaa.

Kwenye wavu wote walitaka kujaribu, na ugomvi wa siku ile ulikuwa ni sindano. Msichana wa kundi la kuhe alifunga fundo lake la kwanza na hakutaka kuiachia kabisa, ikabidi nimhesabie mpaka kumi. Sindano mbili hazikutosha. Baba ameahidi kurudi Alhamisi, mbalamwezi haijaisha, na ataleta nyingine tano za kuchonga kwa mti.